Kahawa ya Bi Mackrine bado inasubiri mkono wa mdogo wake

Saa mbili asubuhi. Ukungu bado umelalia migomba ya Nyakasimbi, wilayani Karagwe, na Mackrine Kembabazi ameketi kwenye mkeka mbele ya nyumba yake, miguu ameinyoosha, anahesabu buni. Anazihesabu kwa kuzigusa, macho yake yako njiani. Zikifika kumi na mbili anazitia ndani ya kikapu kidogo chenye mfuniko, kile ambacho wenyeji wa huku hukiita akaibo. Anajiinua taratibu, anaingia ndani, anakiweka juu ya meza, mahali ambapo mgeni akivuka kizingiti atakiona kabla ya kuona kitu kingine chochote.

Jioni atakifungua tena. Atahesabu. Kila siku huwa kumi na mbili.

"Siku ya kwanza nilisema watu wana shughuli," anasema. "Siku ya pili nikasema labda mvua. Sasa huu ni mwaka wa saba. Hiyo ni mvua gani?"

Anacheka kidogo, peke yake, kisha anarudi mkekani.

Bi Mackrine ana umri wa miaka 67. Ni mjane. Watoto wake wawili wako Mwanza na Geita, wana kazi zao na wana watoto wa shule, wanapiga simu Jumapili. Yeye amebaki na kibanja cha migomba na mibuni, mbuzi wawili, na kazi aliyofundishwa na mama yake akiwa na miaka kumi na miwili: kutengeneza kahawa ya kutafuna.

Kwa msomaji ambaye kahawa kwake ni ile ya kikombe, hii ni nyingine. Tunda huchumwa likiwa limekomaa lakini bado bichi. Linachemshwa kwenye chungu pamoja na majani yenye harufu nzuri ambayo Bi Mackrine huyachuma pembeni mwa kibanja, na ambayo majina yake hayataji kwa mtu. Halafu linaanikwa juani siku kadhaa, hadi linakuwa jeusi na gumu, dogo kama ushanga. Hapo ndipo linapoitwa buni. Mtu hulitia mdomoni akalitafuna polepole huku mazungumzo yakiendelea.

Ukienda kwa watu ukapewa chai, umepewa chai. Ukipewa buni, umepokewa.

Kazi yenyewe haina utajiri. Buni kumi na mbili zinafungwa pamoja kwa ukanda wa gome kavu la mgomba, na kifurushi hicho kinauzwa shilingi mia tano. Ijumaa nzuri anauza vifurushi thelathini katika soko la Kayanga. Akitoa nauli anabaki na pesa ya sukari, sabuni na mafuta ya taa, na kidogo cha sadaka.

"Mama alikuwa mkali kwenye mafundo," anasema, akionyesha jinsi ncha mbili za ukanda zinavyokunjwa zikaingia chini ya fundo zisionekane. "Alisema kifurushi kisiwe na masikio. Tulikuwa wawili tu tuliolijua fundo hili, mimi na Joviness. Tulilijulia kwa fimbo."

Joviness ni mdogo wake; Mackrine amemzidi miaka minne. Jina hilo Bi Mackrine hulitaja kama mtu anayeweka chini kitu kinachovunjika.

Kuna jambo jingine alilowafundisha mama yao. Alikuwa na kitendawili chake, na aliwatega nacho kila msimu wa kuanika ulipofika, ingawa jibu walilijua. "Ndugu wawili wanalala chumba kimoja, nyuso wameelekezana, na hawajawahi kuonana."

Jibu ni punje za kahawa. Ukilipasua tunda unazikuta mbili, kila moja na upande wake ulio bapa, zimegusana kwa huo upande bapa, na kati yao kuna ngozi nyembamba.

"Yapo matunda yenye punje moja tu," anaongeza Bi Mackrine. "Hayo yanakuwa mviringo. Nikigusa najua. Nayatenga, siuzi. Hayo nayaita wajane."

Wajane anawatafuna mwenyewe, jioni, baada ya kuhesabu zile kumi na mbili.

*

Kisa cha kikapu kisichoguswa kilianzia kanisani.

Mwaka 2016, waumini wa Kilutheri katika kitongoji chao waligawanyika. Aristides Mwesigwa, mume wa Joviness, alikuwa mzee wa kanisa na mwimbaji wa besi. Aliondoka akaanzisha kikundi cha maombi chini ya turubai, na karibu nusu ya watu wakamfuata. Joviness alimfuata mumewe. Mackrine alibaki.

Waliobaki walisema walioondoka wamepotea. Walioondoka walisema waliobaki wamelala. Watu waliochangia kisima kimoja wakaanza kuchagua saa za kuteka maji. Harusi moja ilipigiwa vigelegele mara mbili, kila upande kivyake, bibi harusi akiwa katikati hajui atabasamu upande gani.

Dada hao wawili nao waliambiana maneno. Bi Mackrine hayafichi.

"Nilimwambia, umebadilisha kanisa kama unavyobadilisha kitenge. Yeye akaniambia, wewe unakwenda kanisani kama ng'ombe anavyorudi zizini, kwa kuzoea njia." Anageuza buni mkekani. "La kwangu lilikuwa baya. Lake nililifikiria baadaye nikaona lina ukweli kidogo. Ndiyo maana liliniuma zaidi."

Miaka miwili hawakusalimiana. Kisha, Juni 2018, Aristides mwenyewe alituma ujumbe kwamba yatosha. Yeye na mke wake wangekuja alasiri fulani kwa Mackrine, wakae, wazungumze, watafune kahawa, na mambo ya makanisa yabaki makanisani.

Bi Mackrine alifagia uwanja mara mbili. Alitandika nyasi mpya sebuleni kama zamani. Alichagua buni kumi na mbili, nzuri kuliko zote.

Tatizo lilikuwa jino.

Lilikuwa limemsumbua wiki nzima, na asubuhi ya siku hiyohiyo lilimzidi, akaenda kituo cha afya likang'olewa. Alirudi na pamba mdomoni na agizo la kutotafuna chochote mpaka kesho yake. Wageni walifika saa tisa.

Sasa hapa msomaji lazima ajue desturi. Anayetoa kahawa ndiye anayeanza. Mwenye nyumba anachukua buni moja ndani ya akaibo, anaitafuna mbele ya wageni, ndipo anawapelekea kikapu. Hakuna anayeeleza kwa nini, lakini kila mtoto wa huku anajua: ni kuonyesha kwamba kilichomo ndani ni salama, na moyo wa anayetoa ni salama vilevile.

Bi Mackrine hakutafuna. Alikishika kikapu kwa mikono miwili, akapiga magoti, akawapa.

"Ningesema nini?" anauliza. "Watu wamekuja kwa jambo zito, wamekaa, wamevaa nguo za Jumapili, mimi nianze habari za jino? Na mdomo wenyewe ulikuwa umekufa ganzi, hata maneno yalikuwa yanatoka kama ya mlevi. Nikasema moyoni, hawa ni ndugu zangu, wataelewa. Nilimwona Joviness ananitazama mdomo. Aliutazama mdomo wangu muda mrefu."

Aristides ndiye aliyecheka. Alikuwa mtu wa utani. "Shemeji hajatafuna," alisema. "Basi natafuna kwa niaba yake." Akachukua mbili, akazitia mdomoni zote kwa pamoja.

Joviness alichukua moja, akaifumbata mkononi. Kama aliitafuna baadaye njiani au aliitupa, dada yake hajui hadi leo.

Siku ya tatu Aristides alianguka shambani kwake na hakuinuka. Hospitali walisema ni kiharusi, na kwamba presha ilikuwa imepanda siku nyingi bila yeye kujua. Karatasi ilieleza hivyo. Lakini karatasi inasomwa na mtu mmoja, na maneno yanasikiwa na kitongoji kizima. Kabla ya jeneza kufika nyumbani, watu walikuwa wameshaunganisha: alipewa kahawa, na aliyempa hakutangulia kuitafuna.

Bi Mackrine alikwenda msibani na mkungu wa ndizi kichwani, kama inavyotakiwa. Akina mama walimpokea mkungu bila neno. Wakaumenya wa huyu, wakaumenya wa yule, wakapika.

"Wangu ulikaa chini ya mgomba mpaka siku ya tatu ya matanga," anasema. "Hawakuumenya. Niliukuta umeiva."

Na mdogo wake?

"Hakunituhumu. Hilo ndilo lililonimaliza. Angenituhumu, ningemjibu. Ningemwambia habari ya jino. Yeye alipita tu, macho chini, kama anapita penye kisiki." Baada ya arobaini, Joviness alihamia Bugomora, wilaya ya Kyerwa, kwa mwanawe. Hakuaga.

*

Upweke wa kijijini si wa kukosa watu. Watu wapo. Wanapita njiani na majembe, wanasema shikamoo, wanaitikiwa marahaba, wanaendelea. Wanapokuwa na njaa ya maongezi wanayamalizia wakiwa wamesimama barabarani, hawaingii uani. Mtu akilazimika kuingia anakaa kwenye ncha ya kiti na kusema amekula sasa hivi.

Kwa miaka ya mwanzo hata kanisani benchi lake lilibaki na nafasi. Walioketi naye zamani waligundua kwamba upande wa pili kuna upepo mzuri zaidi.

"Mimi mwenyewe nilichelewa," anakiri Cleophace Twesigye, mwinjilisti wa mtaa huo wa kanisa, mtu mrefu mwenye sauti ya chini. "Nilihubiri upendo Jumapili tatu mfululizo bila kukanyaga uwanja wake. Siku nilipokanyaga, aliniambia, karibu mwinjilisti, mahubiri yamefika kabla yako."

Ni yeye aliyeisikia kwanza habari ya jino, na akaisambaza taratibu kadiri alivyoweza. Wengine waliamini. Wengine walisema, jino, kweli? Na hata walioamini hawakuwa tayari kuwa wa kwanza kukaa mezani kwake.

Bi Mackrine hakusamehe haraka, na hataki mtu aandike kwamba alisamehe haraka. Anaeleza kwamba kila ilipofika Sala ya Bwana, kwenye ile sehemu ya kusamehe, alifunga mdomo. Wenzake walisema, yeye akanyamaza, kisha akaungana nao mbele. Alifanya hivyo miaka miwili.

"Niliona ni heri kuruka kuliko kumdanganya Mungu mbele ya watu. Anajua. Kwani Yeye ni mgeni?"

Kilichombadilisha kilikuwa kikombe.

Mchungaji huja mtaani mara moja kwa mwezi kugawa Chakula cha Bwana. Watu hupanga mstari. Katika miezi ile, kila Mackrine aliposimama kwenye mstari, waliokuwa nyuma yake walikumbuka jambo, wakazunguka, wakatangulia. Hakuna aliyetaka kunywa baada yake. Kwa hiyo akawa wa mwisho. Kila mwezi, wa mwisho.

"Nilikuwa nalia njia nzima ya kurudi," anasema. "Nikisema, Bwana, hata kwenye meza yako? Halafu siku moja, nimeshakunywa, nimeinuka, nikageuka kwa bahati tu. Nikamwona mchungaji. Anayemalizia kikombe ni mchungaji, si ndiyo? Divai iliyobaki haimwagwi. Alikiinua palepale nilipokuwa nimegusa mimi, akanywa mpaka mwisho, akafuta, akafunika na kitambaa. Hakunitazama hata. Ilikuwa ni kazi yake tu."

Anaacha kuchambua buni.

"Nikajua kumbe mwezi baada ya mwezi kuna mtu alikuwa anakunywa baada yangu. Mimi nilikuwa nahesabu waliokimbia. Huyu aliyebaki sikuwa nimemhesabu."

Jumamosi iliyofuata ilikuwa zamu yake ya kufagia kanisa. Hapakuwa na mtu mwingine. Alisimama na ufagio kati ya mabenchi, akasema Sala ya Bwana kwa sauti, kuanzia mwanzo hadi mwisho, bila kuruka. Kwenye ile sehemu alitaja majina. Alianza na wa benchi la kwanza mlangoni, akaenda benchi kwa benchi, kila mtu na mahali anapokaa. Alimalizia na benchi la wanaume upande wa besi, pale Aristides alipokaa zamani, na pembeni yake, upande wa wanawake, pale alipokaa Joviness.

Usiku ule alilala. Anasema ndio usingizi wa kwanza wa kweli tangu siku ya jino.

"Wanauliza, amani umeipataje, na watu hawajarudi? Nawaambia, ndiyo, hawajarudi. Kikapu kile mezani umekiona. Amani siyo watu kurudi. Ni kwamba siku hizi naamka, namkuta Mungu yupo, naendelea na kazi. Lakini nyumba ni kubwa kwa mtu mmoja. Hilo nalo utaliandika? Liandike."

*

Kila Ijumaa asubuhi Jovin Mwesiga huja na pikipiki kumpeleka sokoni Kayanga. Jovin ana miaka 41, watoto watano, na jaketi la njano analovaa hata jua likiwa kali. Ndiye mtu anayemwona Bi Mackrine mara nyingi kuliko wote, na utani wao unasikika kabla pikipiki haijazimwa.

"Bibi, leo mzigo mdogo."

"Mdogo, na nauli ileile. Wewe ukifa utakuta wanakudai huko."

"Mafuta yamepanda, bibi."

"Yamepanda wapi, na mlima ule wote huwa nashuka natembea kwa miguu?"

Jovin amembeba kwa miaka minne. Amebeba maelfu ya buni zake. Hajawahi kutafuna hata moja, na halifichi hilo.

"Simwogopi," anasema, akijikuna shingo. "Nampenda huyu bibi. Lakini nina watoto. Na mke wangu ana masikio ya kijiji."

"Anasema meno yake mabovu," anadakia Bi Mackrine. "Kumbe kila mtu huku ana ugonjwa wa meno isipokuwa mimi niliyeng'oa."

Njiani wanategana vitendawili. Wote wawili wanakumbuka cha Ijumaa moja ya mwezi Aprili, wakishuka kuelekea barabara kubwa.

"Kitendawili," alisema Bi Mackrine.

"Tega."

"Wote wanapita kwangu, hakuna anayekaa."

"Stendi ya Kayanga."

"Hapana. Pale wapo wanaolala."

"Kaburi."

"Kaburi wanakaa, wewe, tena hawaondoki. Umeshindwa. Nipe mji."

Aliyeshindwa hutoa mji. Aliyetega hujigamba amekwenda huko, akapokewa hivi, akala vile, akarudi, ndipo anatoa jibu.

"Chukua Kayanga," alisema Jovin.

"Kayanga ulinipa juzi. Nimekuchoka na Kayanga yako."

"Basi chukua Bugomora."

Bi Mackrine alianza vizuri. "Nilikwenda Bugomora," alisema. Halafu hakuendelea. Pikipiki ilifika barabara kubwa, ikapita maduka, ikaingia sokoni, na kitendawili kikabaki hivyo bila jibu.

"Nilijua nimekosea," anasema Jovin. "Mimi nilitaja tu, maana shemeji yangu anatoka huko. Nilisahau kwamba ndiko alikohamia mdogo wake bibi. Nilitamani barabara inimeze na pikipiki yangu."

Ilikuwa Ijumaa hiyohiyo, sokoni, ndipo Speciose alipozungumza.

Speciose ni mfanyabiashara wa maharage na dagaa, mama mnene mwenye sauti inayofika mwisho wa soko. Hutoka Kyerwa kila Ijumaa. Kwa muda wa miaka mitatu alikuwa akinunua vifurushi vitano vya Bi Mackrine kila wiki bila kubembeleza bei. Bi Mackrine alidhani ni vya kuuza tena.

Siku hiyo Bi Mackrine alimalizia kufunga palepale sokoni, kwa haraka, mawazo yako kwenye kile kitendawili. Vifurushi viwili alikuwa amevifunga vibaya, masikio nje. Speciose akavirudisha.

"Hivi sivitaki," alisema. "Yule bibi yangu atavikataa. Anataka vya fundo lisilo na masikio."

"Bibi gani?"

"Wa kwetu Bugomora. Anakaa kwa mwanawe, jirani na ninapopanga mzigo. Nilimpelekea zamani vya mtu mwingine, akavitazama, akanirudishia pesa nikale mimi. Nikampelekea vyako. Alikishika kile kifurushi, mama, sijui nikuambie nini, alikishika kama mtu anashika barua. Halafu akafungua polepole, hakukata na kisu. Zile kamba anazitunza kwenye kopo."

Bi Mackrine aliuliza kama bibi huyo huzitafuna zile buni au huzitunza nazo.

"Anatafuna, jamani. Kila jioni. Peke yake."

Speciose anasimulia kwamba Bi Mackrine alikaa chini palepale, juu ya gunia la maharage ambalo lilikuwa limeshapimwa. Hakumwinua. Alimwacha, akamhudumia mteja mwingine, akarudi. Wiki iliyofuata alileta kitu zaidi ya pesa.

"Nilimwambia yule bibi kwamba muuzaji wangu alikaa juu ya maharage yangu. Kisha akaniuliza swali la ajabu. Akasema, muulize, lile jino lilikuwa la juu au la chini."

"La chini," Bi Mackrine alijibu. "Kulia."

Speciose alilipeleka jibu. Joviness alilisikia. Aliendelea kuchambua mboga. Ila alijishika shavu la kulia, anasema Speciose, akalishikilia mpaka giza lilipoingia.

*

Hayo yote yametokea tangu Aprili, na Bi Mackrine ameyageuza na kuyageuza kama anavyogeuza buni juani. Mdogo wake anaitafuna kahawa yake miaka mitatu, akijua ni ya nani. Kwa hiyo haiamini habari ya sumu, au imemtoka. Lakini anainunua. Anaipitisha kwa mkono wa Speciose, kwa pesa, kama mtu asiye na dada.

"Kununua si kupokea," anasema Bi Mackrine. "Kahawa inapokewa mkononi. Huyu anaogopa mkono wangu, au anauonea haya. Nadhani ni haya. Siku ile alinitazama mdomo na hakuniuliza. Swali lile la jino angeniuliza siku ile, na mumewe amekaa pale, tungecheka wote. Limemchukua miaka saba kuliuliza."

Na yeye, anasema, ana haya yake. Angeweza kufunua mdomo na kuonyesha pamba.

Jumamosi hii anakwenda Bugomora. Hajatuma taarifa. "Nikituma atapata muda wa kukataa," anasema. Jovin atamfikisha Kayanga alfajiri, kutoka hapo atapanda gari dogo, na Speciose atampokea stendi ya huko na kumwonyesha nyumba.

Habebi vifurushi. Habebi akaibo. Anabeba buni moja.

Ameichagua kwa siku tatu, na leo mchana ameitoa ndani ya akaibo. Anaitoa kwenye ncha ya kitenge alikoifunga na kuiweka kiganjani: nyeusi, ndefu kidogo, imetuna pande mbili. Ameigusa na kuigusa ili awe na hakika kwamba si mjane.

"Nitaipasua mbele yake," anasema. "Punje moja nitafune mimi kwanza, aone, ameze mate. Ya pili nimpe mkononi. Zimelala chumba kimoja, nani anaweza kuweka sumu kwa mmoja na kumwacha mwenzake? Atakumbuka kitendawili cha mama. Sina hotuba nyingine."

Na akikataa?

Mbuzi analia nyuma ya nyumba, Bi Mackrine anamsikiliza kwanza mbuzi.

"Akikataa nitazitafuna zote mbili palepale uwanjani kwake, nimuage, nirudi. Jumapili nitakuwa kwenye mstari, mchungaji anakuja. Amani yangu haikutoka kwa Joviness, na hawezi kuichukua." Anaifunga tena buni kwenye ncha ya kitenge, fundo lisilo na masikio. "Lakini ningependa tutafune wawili. Nimechoka kutafuna wajane."

Jioni anaingia ndani, anafungua akaibo mezani. Anahesabu kwa kugusa. Kumi na moja. Anafunika.

Nje Jovin amesimamisha pikipiki, amekuja kuuliza saa ya kuondoka. Bado ana jaketi lake. Anakubali kuja saa kumi na moja kamili, anakubali kutopandisha nauli, na akiwa ameshaiwasha pikipiki anakumbuka jambo.

"Bibi, kile kitendawili chako. Wote wanapita, hakuna anayekaa. Hujanipa jibu mpaka leo."

Jibu ni mlango, na msomaji anaombwa asimwambie.

"Mji si ulinipa?" anajibu Bi Mackrine kutoka kizingitini. "Subiri kwanza nikafike."